Jino Likicheza: Kutoka Gothenburg Hadi Rwamagasa

Sikiliza tunavyozungumza. Mtu akiumwa kichwa anakwenda kutibiwa. Akiumwa macho anakwenda kupimwa. Akiumwa jino, anakwenda kung'oa. Wengi wetu hatusemi "naenda kwa daktari wa meno", tunasema "naenda kung'oa jino", kana kwamba hukumu imeshatolewa tukiwa bado kwenye daladala.

Lugha haidanganyi sana katika mambo haya. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi kwenye viti vya meno vya hospitali zetu za serikali imekuwa ni hiyo hiyo: ganzi, koleo, pamba, nenda nyumbani. Na likija suala la jino linalocheza, yaani jino zima lisilo na tundu lolote ila limelegea kwenye ufizi, hapo hata mjadala haupo. Limezeeka, ling'olewe.

Leo nataka tuzungumze historia ya watu waliokataa hukumu hiyo. Ni historia iliyoanzia kwenye maabara za Ulaya, lakini ina kipande chake Tanzania ambacho sijaona kikisimuliwa kwa Kiswahili. Halafu tushuke nayo hadi Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kujiuliza maswali haya nikiwa kwenye kazi zangu za uandishi. Mimi si daktari wa meno. Ni mwandishi wa habari ambaye amesoma taarifa za wenye fani na kuzunguka kidogo, basi.

Kwanza tuelewane jino linashikiliwa na nini. Wengi tunadhani jino limepigwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Sivyo. Jino limening'inizwa. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi ndogo ndogo nyingi mno. Upande mmoja zimezama kwenye mfupa, upande mwingine zimezama kwenye gamba jembamba linalofunika mzizi, ambalo wataalamu huliita sementamu. Ukitafuna mfupa wa mbuzi, nyuzi hizo ndizo zinazopokea mshtuko.

Sasa, utando wa bakteria ukikaa muda mrefu kwenye shingo ya jino, ule tunaouita ukoga, na mwingine ukaganda ukawa mgumu kama jiwe, fizi huvimba na kutoka damu. Kwa baadhi ya watu mambo huishia hapo. Kwa wengine ugonjwa hushuka chini: nyuzi zinaachia, mfupa unarudi nyuma, na kati ya ufizi na jino panatokea mfuko. Mfuko ukizidi kina, jino linaanza kucheza. Kwa hiyo jino lenyewe linaweza kuwa zima kabisa. Kilichokufa ni kile kilicholishikilia.

Madaktari walijua siku nyingi namna ya kusafisha mifuko hiyo. Unafungua ufizi, unakwangua mzizi, unashona. Uvimbe unapungua, damu inakoma. Lakini nyuzi zilizopotea hazirudi. Ukipima baada ya kupona unakuta ngozi ya ufizi imeteremka na kulala juu ya mzizi, imegusana nao tu bila kushikamana. Swali lililowasumbua watafiti lilikuwa ni kwa nini.

Mwaka 1976 mtafiti mmoja wa Toronto, Kanada, A. H. Melcher, aliandika hoja ambayo mtu wa Geita angeielewa bila kusomea meno. Alisema kwamba baada ya upasuaji, kinachoota kwenye mzizi kinaamuliwa na aina ya seli zinazofika pale kwanza. Ni rashi, ndugu zangu! Dhahabu ikisikika mahali, anayefika wa kwanza ndiye anayechimba duara lake. Mwenye haki zaidi akichelewa anakuta pameshachukuliwa. Mdomoni seli za ngozi ya ufizi ndizo zenye mbio. Zinateremka haraka na kuufunika mzizi. Seli zile za kwenye nyuzi, ambazo ndizo pekee zinazoweza kurudisha mshikamano wa kweli, zinatembea polepole, zikifika zinakuta kiwanja kimejengwa.

Kama hoja hiyo ni kweli, dawa yake ni nini? Weka uzio. Wazuie wenye mbio ili wa polepole wafike.

Ndivyo walivyofanya watafiti wanne waliokuwa wakishirikiana Gothenburg, Uswidi: Sture Nyman, Jan Lindhe, Thorkild Karring na Harald Rylander. Taarifa yao ilitoka mwaka 1982. Walichukua jino moja la mbele la chini, la mtu mmoja, lililougua kwa muda mrefu hadi mfupa wake ukawa umeshuka milimita 9 kutoka shingo ya jino. Waliusafisha mzizi, kisha kabla ya kurudisha ufizi waliweka kipande cha chujio la maabara la Millipore kati ya ufizi na mzizi. Chujio la maabara! Kitu cha kuchujia vimiminika ndicho kilichokuwa uzio wa kwanza wa aina hiyo kwenye mdomo wa binadamu.

Baada ya miezi 3 walilitoa jino lile pamoja na tishu zilizolizunguka, wakalikata vipande vyembamba na kuviangalia kwa hadubini. Waliona sementamu mpya, na ndani yake nyuzi mpya zimezama. Mshikamano mpya ulikuwa umepanda hadi milimita 5 juu ya ukingo wa mfupa. Kitu ambacho vitabu vilisema hakirudi kilikuwa kimerudi.

Ona kinaya cha mambo. Jino la kwanza kuthibitisha kwamba meno yanayolegea yanaweza kuokolewa lilibidi litolewe ili lithibitishe.

Mwaka 1986 Jan Gottlow na wenzake, wakiwemo Nyman, Lindhe na Karring, waliripoti matibabu kwa wagonjwa kadhaa. Mbinu hiyo ilishapata jina, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni uoteshaji wa tishu kwa kuongozwa. Uzio ulibadilika pia. Badala ya chujio wakatumia plastiki ya Gore-Tex, ndugu ya ile inayotengenezewa makoti ya mvua ya bei mbaya. Tatizo la plastiki hiyo ni kwamba haiyeyuki, kwa hiyo mgonjwa alirudi kupasuliwa mara ya pili ili itolewe. Baadaye zikaja tando zinazoyeyuka zenyewe mwilini, nyingi zikitengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe au nguruwe. Mwisho huo si jambo dogo kwa wagonjwa Waislamu, ambao wana haki ya kuuliza kabla ya kushonwa.

Hapa ndipo msomaji wa Dar au Mwanza anaweza kuniuliza: sawa, hongera kwa watu wa Uswidi, sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu ya yule jina la tatu, Thorkild Karring. Karring alikuwa raia wa Denmark, mtu wa chuo cha meno cha Aarhus. Na mwaka huo huo wa 1986, jina lake linaonekana kwenye taarifa nyingine ya kisayansi, pamoja na Vibeke Baelum na Ole Fejerskov wa Aarhus. Taarifa hiyo ilihusu usafi wa kinywa, uvimbe wa fizi na kuharibika kwa mshikamano wa meno kwa Watanzania watu wazima. Walichunguzwa watu 508, wenye umri wa miaka 30 hadi 69. Kila jino lao lilipimwa sehemu nne.

Ili uone uzito wa kilichopatikana, lazima ujue dunia ilikuwa inaamini nini. Mwaka 1965 Harald Löe, mtafiti kutoka Norway aliyekuwa akifanya kazi Aarhus, alichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa meno analijua. Watu 12 wenye fizi nzuri waliacha kusafisha meno kabisa. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Walipoanza kupiga mswaki tena, zikapona. Jaribio lilikuwa zuri na halijapingwa. Lakini juu yake, na juu ya uchunguzi wa miaka ya nyuma katika Asia na Afrika, ilijengwa ngazi ndefu kuliko ushahidi: uchafu huleta uvimbe, uvimbe huachwa ukawa mfuko, mfuko huishia kwenye pengo. Kwa hesabu hiyo watu wasio na miswaki ya dukani wala daktari wa meno, yaani sisi, tulipaswa kuwa vibogoyo kufikia uzeeni.

Basi wale watafiti walipowafungua midomo Watanzania 508 walikuta nini? Ukoga na ukoga ulioganda ulikuwa karibu kila mahali. Sehemu ya kwanza ya ngazi ilikuwepo, tena kwa wingi. Lakini sehemu ya mwisho haikuwepo kama ilivyotarajiwa. Mifuko yenye kina cha zaidi ya milimita 3, na mshikamano uliopotea kwa zaidi ya milimita 6, vilionekana kwenye chini ya asilimia 10 ya sehemu zilizopimwa. Watu waliopoteza meno yote walikuwa kama hawapo. Wazee wa Kitanzania walikuwa na meno yao.

Halafu likaja lile ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya. Uharibifu mkubwa haukuwa umegawanywa sawasawa. Asilimia 75 ya sehemu zote zilizopoteza mshikamano wa milimita 7 au zaidi zilikutwa kwa asilimia 31 tu ya watu. Maana yake ni kwamba watu wawili wanaweza kuishi kijiji kimoja, wakala ugali mmoja, wakawa na ukoga sawa, mmoja akazeeka na meno yake na mwenzake akayapoteza. Watafiti wakahitimisha kwamba kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi si mwisho wa lazima wa kila fizi inayotoka damu.

Hawakuwa peke yao. Mwaka huo huo Löe na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1970 bila kuwa na desturi ya kupiga mswaki wala huduma ya meno. Takriban asilimia 8 ugonjwa wao ulikwenda mbio, asilimia 81 ulikwenda polepole, na asilimia 11 haukuendelea zaidi ya uvimbe wa fizi. Mwaka 1988 Baelum na Fejerskov, safari hii pamoja na Firoze Manji wa Kenya, wakatoa matokeo ya watu 1,131 wa Machakos, na picha ilikuwa ya namna ile ile: ukoga kwa wote, maangamizi kwa wachache. Kama jina la Manji umewahi kulisikia, ni yeye yule aliyekuja kuanzisha gazeti la mtandaoni la Pambazuka mwaka 2000. Kabla ya kuhariri siasa za Afrika alikuwa akipima fizi za Ukambani.

Kwa hiyo midomo ya Waafrika Mashariki ilisaidia kurekebisha sayansi ya fizi ya dunia nzima. Nasema haya bila majigambo ya kizalendo, maana swali linalofuata ni gumu: elimu hiyo ilipotoka midomoni mwetu, ilirudi?

Twende sasa Shinyanga na Geita.

Shinyanga ni moja ya maeneo ya nchi yetu ambako maji ya ardhini yana floridi nyingi, kama ilivyo kwa Arusha, Kilimanjaro na Singida. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya taya, meno yanaota na mabaka meupe au ya kahawia, na yakizidiwa yanamomonyoka. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya shida ya maji vijijini, katika miaka ya 1970 iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Ulikuwa uamuzi wa kuchagua kati ya kiu na meno, na siwalaumu walioamua. Mwaka 2009 mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama ulizinduliwa, na kwa waliofikiwa na bomba hilo hali ilibadilika.

Nakumbusha floridi ingawa ni habari ya jino lenyewe, si ya fizi, kwa sababu inaonyesha tabia yetu. Kijana wa Shinyanga mwenye meno ya kahawia akifika chuoni Dar anaulizwa kama hapigi mswaki. Hakuna mswaki unaotoa rangi ile, imo ndani ya jino. Tunaangalia mdomo wa mtu na kusoma tabia yake, wakati pengine kilichoandikwa pale ni kisima alichonywea akiwa mtoto wa miaka 3. Ni kosa la aina ile ile lililofanywa na wale waliodhani uchafu peke yake unaeleza kila pengo.

Kwenye dhahabu kuna maandishi mengine, na haya yapo kwenye fizi zenyewe.

Dhahabu ya Geita ilitajwa kwa mara ya kwanza na mtafutaji wa Kijerumani mwaka 1898. Waingereza walichimba hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa, Geita Gold Mine, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu ya Kahama mwaka uliofuata. Lakini pembeni ya mashine za wakubwa wapo wachimbaji wadogo, kwa maelfu, na teknolojia yao ni ya kale: zebaki.

Kama hujawahi kuona, ni hivi. Jiwe linatolewa kwenye duara, linasagwa kwenye karasha hadi unga, linaoshwa mwaloni. Mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye karai pamoja na zebaki na kukorogwa kwa mikono mitupu. Zebaki inameza dhahabu. Mchanganyiko unakamuliwa kwa kitambaa, kinabaki kidonge laini cha rangi ya fedha, kisha kidonge kinachomwa motoni. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Anayechoma anavuta mvuke, na mara nyingi wanaoketi karibu, mama lishe na watoto wakiwemo, wanavuta pia.

Zebaki na mdomo ni maadui wa siku nyingi. Kuanzia karne ya 16 madaktari wa Ulaya walitibu kaswende kwa zebaki, na moja ya alama walizozitafuta kujua kama dawa imeingia ni mgonjwa kutoa mate kwa wingi. Baada ya mate fizi zilivimba na kuwa na vidonda, na meno yakalegea na kudondoka. Wafanyakazi wa viwanda vya kofia walipata balaa lile lile. Mvuke mwingi wa zebaki unaleta ladha ya chuma mdomoni, mate, fizi zilizovimba na mikono inayotetemeka.

Hii ndiyo sababu Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa lilipoendesha mradi wake wa zebaki kati ya 2002 na 2007, katika nchi sita ikiwemo Tanzania, mwongozo wa uchunguzi wa afya uliwataka wapimaji waangalie pia fizi za mchimbaji: zimevimba, zina rangi ya bluu? Kwa Tanzania eneo lililochaguliwa lilikuwa Rwamagasa, Geita, na watu wa Katoro wasiochoma zebaki wakatumika kwa kulinganisha. Wachomaji walikutwa na zebaki nyingi zaidi mwilini kuliko wenzao, na baadhi yao walikuwa na dalili za sumu hiyo.

Nilipopita Rwamagasa nilikaa kwenye kivuli na mzee mmoja mchenjuaji. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mvua, nikamwuliza kuhusu mapengo yake ya mbele chini. Alicheka. "Jino likianza kucheza, mwanangu, limeshaaga. Wewe unalisindikiza tu." Nikauliza kama aliwahi kuonyesha hospitali kabla halijalegea. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupeleka kivuli chake kwa fundi cherehani.

Sitaki kumtumia mzee huyu kama ushahidi wa zebaki. Alikuwa anavuta sigara mfululizo, na sigara ni mmoja wa maadui wakubwa wa mshikamano wa meno, sawa na kisukari kisichodhibitiwa. Inawezekana pia alizaliwa akiwa kwenye ile asilimia 31. Si kila jino linalolegea Geita limelegezwa na zebaki. Ninachosema ni kwamba katika ukanda huu mambo kadhaa yanayoweza kulegeza jino yanakutana kwenye mdomo mmoja, na mwenye mdomo amefundishwa kwamba ni uzee.

Sasa je, nadai kwamba kila zahanati ya Geita iwekewe tando za kolajeni? Hapana. Matibabu yale ni ghali, yanahitaji bingwa, na matokeo yake hutofautiana sana. Yanafaa zaidi pale mfupa ulipoliwa kwa kina kwenye shimo jembamba, au kati ya mizizi ya magego ya chini. Jino ambalo mfupa wake wote umeshuka sawasawa halina pa kushikia uzio. Na kwa mgonjwa anayevuta sigara au asiyesafisha kinywa, matokeo huwa dhaifu.

Lakini angalia tena zile taarifa mbili za 1982 na 1986 zenye jina la Karring. Ya kwanza inasema kilichopotea kinaweza kurudi. Ya pili inasema wanaopoteza sana ni wachache. Ukiziweka pamoja unapata mpango ambao nchi maskini inaweza kuumudu: watafute wale wachache mapema. Chombo cha kuwatafutia ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, ambacho kinaingizwa taratibu kati ya ufizi na jino. Hakihitaji umeme. Kipimo kinachukua dakika chache. Wengi watakaopimwa watahitaji kukwanguliwa ukoga na kufundishwa kusafisha, iwe kwa mswaki wa dukani au wa mti. Wachache wenye mifuko mirefu ndio wa kufuatilia kila miezi kadhaa, na wachache zaidi ndio wa kupeleka kwa bingwa, Mwanza au Dar. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limeondoa kusubiri kivuko upande ule, kwa hiyo hata umbali umepungua.

Na wala tusiambiwe kwamba huduma rahisi za kuokoa meno haziwezekani huku. Katikati ya miaka ya 1980, wakati watu wa Gothenburg wanahangaika na uzio wao, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi na chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha hapa hapa Tanzania mbinu ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kutobolea. Sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tundu linazibwa kwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliipigia debe mbinu hiyo, na leo inatumika nchi nyingi, zikiwemo tajiri. Ilizaliwa kwa sababu mtu alijiuliza: kama hakuna umeme kijijini, lazima tung'oe?

Upande wa zebaki nako hatuko mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo unagusa mwalo na kliniki kwa pamoja, kwani madini ya rangi ya fedha yaliyokuwa yakizibia meno karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na mkataba unataka matumizi yote mawili yapunguzwe. Zipo retoti za kunasa mvuke wakati wa kuchoma, ule mradi wa Umoja wa Mataifa ulizifundisha Rwamagasa. Mchimbaji anayenasa mvuke anaokoa zebaki yake, ambayo aliinunua kwa fedha, na anaokoa mapafu, figo, ubongo na fizi zake na za jirani.

Wasukuma wana mifugo mingi na wanajua sana kusoma mdomo. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani hufungua taya kwanza, akaangalia meno, ndipo akataja bei. Tunamfanyia hivyo ng'ombe kwa shilingi laki kadhaa. Mchimbaji anayeingiza mabilioni kwenye uchumi wa Geita anafunguliwa mdomo siku ya kung'oa tu.

Nadhani pa kuanzia ni padogo. Wachimbaji wadogo wana vyama vyao na leseni zao, na halmashauri zinakusanya ushuru pale pale mwaloni. Timu ya afya ikienda kupima zebaki au kifua kikuu, aende na mtu mmoja wa meno mwenye kijiti cha milimita na daftari. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na majina ya wale wachache, wakati meno yao bado yamesimama.

Nakaribisha hoja, hasa kutoka kwenu madaktari na matabibu wa meno mlioko Kahama, Geita, Chato na Bukombe. Niambieni kwa mwezi mnang'oa mangapi, na katika hayo, mangapi yalikuwa mazima ila yamelegea.